Soksi za Baba Mkwe

Ninyi mnaojifunza Kiingereza na kukariri nahau zake kwa ajili ya mtihani, nimeyaona madaftari yenu. Yamepangwa vizuri kuliko langu lilivyokuwa: nahau upande huu, maana upande ule, mstari mwekundu katikati. Sina ugomvi nayo. Ila mimi nimekula ugali wa nahau hizo karibu miaka kumi na mitano, nikiwa mkalimani wa ofisi ya ugawaji wa mashamba pale Nyansiongo na baadaye Kisii mjini, na nawaambia kwa upendo kwamba nusu ya mnayokariri hakuna mtu aliyewahi kuyatamka mbele yangu. Mvua ya Nyansiongo mnaijua. Huanza saa nane mchana, ikanyesha mpaka ng'ombe wenyewe wakachoka kulalamika. Miaka yote niliyofanya kazi na Mwingereza, sikumsikia hata siku moja akisema kwamba inanyesha paka na mbwa. Alitazama dirishani, akavuta kiko chake, akasema, "Bit wet," yaani unyevu kidogo. Basi.

Mwingereza huyo tulimwita Bwana Mabuti, kwa sababu ya viatu vyake vilivyofika karibu na magoti na ambavyo hakuvivua hata ofisini. Jina lake halisi aliliandika chini ya barua kwa mwandiko ambao hakuna aliyeweza kuusoma, kwa hiyo Mabuti likabaki. Ilikuwa miaka ya sitini. Mashamba makubwa ya walowezi yalikuwa yakikatwa vipande na kugawiwa wananchi, na watu wetu walitoka Marani, Nyakoe na kila pembe ambako ardhi ilikuwa imebana, wakaenda huko kwenye baridi kupanda mahindi na kufuga ng'ombe wa gredi, wale wa maziwa wa kizungu. Bwana Mabuti ndiye aliyesimamia. Ekegusii, lugha yetu, hakujua, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuamuru tu. Mimi nilikuwa kijana wa Marani mwenye cheti kimoja na tai moja. Nikaandikwa kazi, na tai ile nikaifunga kila siku mpaka ikaanza kung'aa kama mkanda wa ngozi.

Wiki ya kwanza niliharibu mno. Bwana Mabuti alikuwa na tabia ya kuanza habari mbaya kwa kusema "I'm afraid". Mtu anakuja kuomba shamba, Bwana anapekua orodha, anasema, "I'm afraid there's nothing left." Nami kwa uaminifu wangu wote namwambia yule mtu kwamba Bwana anaogopa kuwa hakuna kilichobaki. Siku tatu hivi watu walitoka ofisini wakimsikitikia. Bibi mmoja kutoka Nyakoe aliniuliza kwa sauti ya chini, "Makori mwanangu, huyu mzungu mkubwa hivi anaogopa nini? Kuna mtu amemtisha?" Nilimwambia sijui, na kweli sikujua kwamba kwao hiyo ni njia ya kusema samahani.

Lakini hilo si kitu ukilinganisha na habari ya shoka.

Majirani wawili walikuwa wamegombana juu ya njia ya kupeleka ng'ombe mtoni. Wamegombana hadi wake zao hawasalimiani. Bwana Mabuti akawaita, akawasikiliza saa nzima kupitia kinywa changu, mwisho akachoka, akasema, "Tell them to bury the hatchet." Nilikuwa sijawahi kuisikia, wala sikujua kwamba ni kumaliza ugomvi. Nikatafsiri nilichosikia: Bwana anataka mfukie shoka. Wakatazamana. Mmoja akauliza, wapi? Nikaona jibu la busara ni pale pale penye ugomvi, nikasema, nadhani mpakani.

Ninyi wa siku hizi huenda hamjui, lakini kwetu mtu anayefukia kitu katika mpaka wa jirani yake hatafuti amani. Anatafuta ng'ombe wa jirani wafe, au kibaya zaidi. Yule aliyeuliza akarudi nyuma hatua mbili, na mwenzake akasema polepole, "Mimi ni Msabato. Sifukii kitu katika ardhi ya mtu." Na yule wa kwanza akasema, "Hata mimi. Na huyu hawezi kunifukia kitu, namjua, tumekua pamoja." Wakasimama, wakavaa kofia zao, wakaondoka wote wawili kwa njia moja wakimsema yule mzungu na ushauri wake wa kutisha. Tangu siku hiyo njia ya mtoni haikuleta ugomvi tena. Bwana Mabuti aliniambia nimefanya kazi nzuri. Nikamshukuru.

Aliyeniokoa alikuwa Mzee Wafula. Huyu alikuwa mpishi, mtu wa Bungoma, aliyeletwa na mlowezi wa zamani na kubaki na nyumba baada ya mlowezi kuuza na kwenda zake. Nyumba ile ndiyo iliyokuwa ofisi yetu, na jikoni kulikuwa ufalme wa Wafula. Hakwenda shule hata siku moja. Kiingereza alikisoma mezani, akiwa amesimama nyuma ya kiti na sahani ya viazi mkononi, miaka ishirini. Habari ya shoka ilipomfikia alicheka hadi akaketi kwenye gunia la mkaa.

"Wewe kijana unashika maneno, unaacha mtu," aliniambia. "Mzungu akisema hiyo maneno yake, nyamaza kwanza. Angalia mkono yake inaenda wapi. Angalia baada ya hapo anafanya nini. Hapo ndio utajua alisema nini."

Naye alikuwa amelipia elimu hiyo. Mwaka wake wa kwanza, fundi alikuja kutengeneza trekta, akamwambia mlowezi kwamba kazi ni "a piece of cake". Wafula akasikia, akaenda jikoni, akarudi na kipande cha keki kwenye sahani. Mlowezi akashangaa, fundi akala. "Trekta iliharibika kila wiki baada ya hapo," Wafula alisema. "Lakini mimi nikajua kwamba hiyo maneno haiko kwa tumbo. Alisema, halafu akamaliza kazi haraka bila jasho. Basi maana yake ni kazi rahisi."

Nikanunua daftari kwa duka la Mhindi mjini na kulipiga mistari, si safu mbili kama zenu, bali tatu. Ya kwanza: alichosema. Ya pili: alichofanya baada ya kusema. Ya tatu: sisi tungesemaje mahali hapo. Bwana Mabuti akisema "let's call it a day", kisha anafunga faili na kutafuta kofia. Safu ya tatu nikaandika, tukunje jamvi. Anasema yuko "under the weather", kisha anasukuma yai lake pembeni bila kulionja. Basi hajisikii vizuri. Siku moja tulimkuta mtu amefungia ndama wake katika shamba la ofisi, jambo lililokatazwa. Bwana akaniambia kwamba atafanya "turn a blind eye", akageuka akatazama vilima mpaka yule mtu akamswaga ndama na kutokomea naye. Hapo hata sikuhitaji kufikiri, maana Kiswahili kinasema vile vile kufumba macho. Nawashauri mfanye hivyo. Nahau isiyo na safu ya katikati ni mgeni ambaye hujui anatoka wapi. Utamkaribisha siku ya harusi kumbe kazi yake ni matanga.

Baada ya mwaka mmoja nilikuwa nimeiva. Nasema bila haya kwamba hakukuwa na nahau ya Bwana Mabuti ambayo ilinipiga chenga. Na ni wakati huo, nilipokuwa nimeiva, ndipo nilipofanya kosa kubwa la maisha yangu ya kazi. Wala halikutokana na kutoelewa.

Nilikuwa nimemwoa Kwamboka, binti wa Mzee Okemwa wa Nyakoe. Mzee huyu alikuwa mmoja wa waliopewa shamba Nyansiongo, shamba zuri lenye chemchemi, pamoja na ng'ombe wanne wa gredi walioachwa na mlowezi. Mmoja aliitwa Deizi, jina alilokuja nalo. Lakini moyo wa mzee ulibaki Nyakoe, kwenye migomba yake na rafiki zake wa sokoni. Huku Nyansiongo alimwacha kibarua, naye alikuja akipenda. Ua ukalala chini. Mahindi yakamezwa na magugu. Ng'ombe hawakupelekwa kwenye josho, kupe wakawajaa masikioni, na kupe wa ng'ombe mmoja huwa hawaheshimu mpaka. Majirani wakalalamika. Na sharti la mashamba yale lilijulikana na kila mtu: anayepewa lazima akae na alime, asipofanya hivyo baada ya kuonywa, shamba linapewa mwingine aliye kwenye orodha. Orodha ilikuwa ndefu kama kesi ya mashamba.

Asubuhi moja tukaenda na Land Rover kumkagua. Baba mkwe alikuwa amekuja siku hiyo, amevaa koti lake la kanisani na yuko miguu mitupu, amesimama mbele ya ua ulioanguka kana kwamba umelala kwa idhini yake. Majirani watano sita walikuwa wamekuja kutazama. Bwana Mabuti alizunguka shamba, akarudi na uso mwekundu, akaniambia, "Tell him to pull his socks up. I've turned a blind eye once and I shan't do it again."

Niliielewa kabisa. Ilikuwa daftarini, ukurasa wa nne. Maana yake ni kujifunga kibwebwe, kuacha uzembe, kufanya kazi kama mtu. Nikafungua kinywa, na maneno yakagoma.

Lazima niwaeleze, maana baadhi yenu mmelelewa mjini. Sisi Abagusii tuna kitu tunachokiita chinsoni. Ni heshima yenye aibu ndani yake, na kati ya mtu na wakwe zake ndipo inapokaza zaidi. Baba mkwe humtazami machoni. Hufanyi naye mzaha. Kumkaripia mbele ya majirani, ukimwambia kwamba ni mzembe, hilo halifanyiki; heri ukatwe ulimi. Nilidhani kwa kuwa nimevaa tai na nimetoka kwenye gari la ofisi, mambo hayo yamebaki Marani. Kumbe nilikuwa nimeyabeba mwenyewe.

Nikasikia sauti yangu ikisema, "Baba, Bwana anakusalimu sana. Anasema shamba lako ni zuri, na chemchemi ni nzuri. Akipita tena siku nyingine atafurahi akikuta ua umesimamasimama."

Uso wa Mzee Okemwa ukachanua. Akaniagiza nimshukuru Bwana kwa moyo wake mwema. Akaita, mkungu wa ndizi ukaletwa, ukawekwa nyuma ya Land Rover. Bwana Mabuti akatazama mkungu, akamtazama mzee anayetabasamu, akasema taratibu, "Cool as a cucumber." Yaani mtu ameambiwa atafukuzwa na hata jicho halikupepesa. Tulipofika aliandika kitu katika faili, na mkono wake ulikandamiza kalamu. Nilikumbuka somo la Wafula la kutazama mkono.

Ningeweza kurekebisha. Ningeweza kumtuma Kwamboka kwa mama yake aseme ukweli, nao ungemfikia mzee kwa njia ya heshima kabla ya jua kutua. Sikumtuma. Ili kumtuma, ningelazimika kumwambia mke wangu kwamba mkalimani hodari amedanganya kazini, nami sikutaka. Nikajiambia Bwana atasahau. Majuma matano yakapita. Baba mkwe, akiwa ametulizwa na sifa nilizompa, akarudi Nyakoe na hakugusa hata mti mmoja wa ua.

Jumatatu moja Bwana Mabuti akanipa barua niitafsiri tayari kwa Alhamisi. Ilikuwa ya kumnyang'anya Mzee Okemwa shamba. Nilipokuwa nikiisoma alisema, kama anayezungumza na kiko chake, kwamba zile ndizi ndizo zilizokuwa "the last straw". Angevumilia magugu, angevumilia kupe, lakini kudharauliwa mbele ya watu hakuweza.

Nilikwenda jikoni nikamweleza Mzee Wafula yote. Safari hii hakucheka. Aliendelea kumenya viazi.

"Mimi sina dawa ya hiyo," alisema. "Wewe ulikula maneno ya mtu. Sasa rudi utapike mbele yake."

Nikapiga moyo konde, nikarudi. Nilianza mbali sana: nikasema juu ya baba yangu, juu ya mahari, juu ya desturi za watu mbalimbali. Bwana Mabuti akaweka kiko chini na kusema, "Makori, stop beating about the bush." Hiyo ninyi mnaijua, ni kuzunguka mbuyu. Nikamwambia: Bwana, kuzunguka ndiko kulikonileta hapa. Yule mzee hakukudharau. Hajui kitu. Wewe ulimwambia ajifunge kibwebwe, mimi nikamwambia shamba lake zuri. Ni baba mkwe wangu. Kwetu mkwe hamkaripii mkwe, nami sikuweza.

Alikichukua tena kiko chake. Nilikuwa nimekwisha kuiaga kazi moyoni, na nilikuwa nimefika hatua ya kujiuliza nitamwambiaje Kwamboka.

"So how does a man of your people get told anything by his son-in-law?" aliuliza. Alitaka kujua kweli, mtu wetu huambiwaje jambo na mkwe wake.

Nikamweleza nilivyoona kwetu nikiwa mdogo. Mama yangu alipokuwa na jambo zito la kumwambia babu, baba wa mume wake, hakumwambia. Alimgombeza mbuzi. Alisimama uani akamsomea mbuzi makosa yote, na babu akiwa ameketi pale kivulini amegeuza uso, akasikia. Baadaye babu alimjibu mbuzi. Mambo yakatengenezwa, na hakuna aliyemkosea mwenzake adabu.

Bwana Mabuti akachukua barua mkononi mwangu, akaitia kwenye droo. "Thursday," alisema. "You'll tell him every word, goat or no goat. If you butter it up this time, you're both out." Kupaka siagi, yaani kulainisha kwa maneno matamu. Alhamisi nitamwambia kila neno; nikipunguza hata chembe, mzee hana shamba nami sina kazi.

Msidhani nililala vizuri siku hizo. Alhamisi tukafika. Nilikuwa nimemtuma mtu Nyakoe kumwomba mzee awepo, bila kueleza zaidi. Alikuwapo, koti lile lile, kamba mkononi, na kwenye kamba Deizi. Majirani nao hawakukosa. Bwana Mabuti akasimama mbele yake, akayasema yote tena, polepole, akihesabu kwa vidole: soksi, ua, kupe, mahindi, na kwamba hii ndiyo mara ya mwisho. Kisha akanigeukia.

Nami nikamgeukia ng'ombe.

"Wewe Deizi," nikasema kwa Ekegusii. "Wewe ng'ombe mzembe. Umepewa shamba lenye chemchemi, watu wanalililia, wewe umelala. Masikio yako yamejaa kupe na unawaambukiza ng'ombe wa wenzako. Ua wako uko chini. Umeonywa mara ya kwanza ukasamehewa. Mara ya pili ulionywa, lakini aliyetumwa kukuambia alikuwa mwoga, akakudanganya, naye anaona haya mpaka leo. Hii ni mara ya tatu, na hakuna ya nne. Usipojifunga kibwebwe, ukahamia hapa na kulima, Bwana huyu atakutoa na kumweka mwingine. Barua imeshaandikwa. Nimeisoma kwa macho yangu."

Deizi alicheua. Baba mkwe alikuwa amegeuka upande wa vilima tangu neno la kwanza, mikono mgongoni na kamba ndani yake, kama mtu anayetazama kama mvua itakuja. Majirani walitazama chini. Hakuna aliyecheka, maana kila mmoja alijua kinachofanyika na kila mmoja ana wakwe.

Kisha mzee akakohoa. Bila kugeuka, akasema, "Deizi, umesikia. Mjibu aliyesema nawe. Mwambie kwamba tungeambiwa hivi tangu mwanzo, ua ungekuwa umesimama. Na mwambie aombe majuma matatu, mvua ipungue, watu wa Nyakoe waje kunisaidia."

"What on earth is he doing," Bwana Mabuti akaninong'oneza, "talking to that cow?"

"He is answering you, sir," nikamwambia kwamba anayejibiwa ni yeye, nikampa jibu zima.

Hapo ndipo yule mzungu alipofanya jambo ambalo nililipenda, na ninalipenda hadi leo. Alivua kofia. Akakohoa kama mzee alivyokohoa. Akamtazama ng'ombe usoni na kumwambia kwa Kiingereza cha ofisini kabisa, "Three weeks, Daisy. Not a day more." Akavaa kofia na kwenda kwenye gari. Mzee hakungoja nitafsiri. Alimpigapiga Deizi mgongoni, akamwongoza kuelekea josho siku ile ile.

Baada ya majuma matatu tulikuta ua umenyooka na mama yake Kwamboka anapika katika nyumba mpya. Hawakurudi tena Nyakoe isipokuwa kusalimia. Barua ile Bwana Mabuti alinipa aliposafiri kurudi kwao, bila maneno, nami niliitumia kuwashia moto.

Baadaye akaja afisa wetu Mwafrika, kijana msomi. Huyo nahau alizitoa vitabuni, na barazani Nyakoe alizimwaga kama mbolea, tano katika sentensi moja. Ofisi ikahamishiwa Kisii mjini, vijana wakaanza kuleta barua za kuomba kazi zilizoandikwa hivyo hivyo. Mmoja aliandika kwamba yeye haachi jiwe bila kuligeuza, huchoma mshumaa pande zote mbili, na tufaha la jicho la mama yake ni yeye. Afisa akaniuliza, "Sasa huyu anaomba kazi gani?" Tulitafuta barua nzima, hakuwa amesema. Mkumbuke huyo mnapoandika insha.

Mzee Okemwa nami hatukuzungumzia Alhamisi ile hata mara moja. Miaka ikapita. Alinisalimia kwa heshima, nami nikamsalimia kwa heshima, macho chini. Nilidhani yamezikwa.

Katikati ya miaka ya sabini mimi nilikuwa mtu wa mjini. Suti mbili, chumba cha kupanga Kisii, jioni na wenzangu wa ofisi. Kwamboka alibaki Marani na watoto, na chai niliyopanda nikiwa na bidii ilikuwa imeachwa mpaka ikawa miti, imenizidi kimo. Alikuwa ameniambia, nikamwambia nitakuja. Jumapili moja nilikuja kweli, tai shingoni, nikakuta watoto wamesimama mlangoni wakichungulia shambani. Kwamboka akasema kwa sauti ndogo, "Baba amekuja. Amekataa kuingia."

Mzee Okemwa alikuwa amesimama katikati ya chai yangu, na fimbo yake. Alikuwa amezeeka. Alinisikia nikija, akanigeuzia mgongo. Kisha akauambia mchai mmoja, mrefu kuliko wote, kwa sauti ya kutosha:

"Wewe chai. Mwenyewe akipita hapa, mwambie." Akajipanga, na kutoka katika kinywa cha mzee yule ambaye sikuwahi kumsikia akitamka neno la Kiingereza yakatoka maneno, polepole na kwa uangalifu, "Puru yua sokisi apu."

Maneno yale hakuyapata kwangu. Mimi sikuwahi kumpa. Kwamboka ndiye aliyeniambia baadaye, naye alikuwa ameelezwa na baba yake asubuhi ile. Baba yake alikuwa amekwenda jikoni kwa Mzee Wafula siku ile ile ya ndizi, akiwa amebeba maneno yale kama alivyoyasikia, kuuliza mzungu amesema nini hasa, maana uso haukufanana na salamu. Wafula akamwambia. Baba mkwe alijua tangu mwanzo. Alirudi Nyakoe akakaa majuma matano bila kugusa ua, akingoja aone kama mkwe wake atakuja kumwambia ukweli, na kwa njia gani. Aliliweka shamba zima reheni kwa ajili yangu, na miaka yote hiyo hakumwambia mtu.

Mzee alipita kando yangu kuelekea njiani, macho chini kama inavyotakiwa, nami macho chini. Nilisema, "Asante, chai."

Jua lilipokuwa likishuka Kwamboka alikuja kuniita chakula, akanikuta bado shambani na panga, tai imefungwa kiunoni, nimepogoa mistari mitatu.